Mwalimu Aliyetafuta wa Kumwachia Paka

Wapendwa, alikuwapo mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima, akiishi peke yake katika mji wa baridi kama huu wetu. Jina lake siwatajii, maana nawajua, mtaacha kusikiliza muanze kumtafuta. Lakini majina ya paka wake nitawapa. Mmoja alikuwa mweusi tii, akiitwa Kaniki. Mwingine mweupe, akiitwa Mchele. Msicheke bado.

Mama huyu hakuwahi kupumzika maishani. Alifundisha, akalea, akauguza wazazi wake mpaka wakamaliza mwendo. Mwisho binti yake anayeishi Tanga akamtumia tiketi ya basi: "Mama, njoo ule sikukuu huku. Njoo uote joto." Mama akafurahi, akaenda kushonesha gauni jepesi. Kisha akawatazama paka wake, na furaha yake ikaingia mchanga.

Kaniki alikuwa mzee mwenye jicho bovu, sharti adondoshewe dawa asubuhi na jioni. Mchele hakuumwa kitu, ila alikuwa mwoga. Radi ikipiga, huingia uvunguni mwa kitanda na kulia mpaka mvua iishe. Na mnajua mvua zetu za mwezi wa Desemba.

Mama akasema, "Sipandi basi mpaka nimpate wa kuwatunza hawa." Na yule mama akisema, amesema.

Akaanza kwa wifi yake. Wifi akacheka mpaka akashika mbavu. "Wifi, paka si atajitafutia panya? Mwachie dirisha wazi, nenda zako ukale samaki." Mwalimu akaaga.

Akaenda kwa mama mmoja mwanakwaya. Huyu alikubali kwa moyo mweupe, akaja kabisa kujifunza kutia dawa. Kaniki alipoiona ile chupa, akamrukia kifuani, akampasulia kitenge, akaishia juu ya kabati. Mwanakwaya akasema, "Dada, kuwaombea nitawaombea. Kuwagusa, hapana."

Mwenye duka naye alikubali haraka mno. Mwalimu alipomuuliza atawalisha nini, akajibu, "Si maandazi yanayobaki?" Naye akaachwa hapo hapo dukani.

Mnaiona juhudi ya mama huyu? Nani kati yenu amewahi kuzunguka mtaa mzima kwa ajili ya kiumbe ambacho hakitamwambia hata asante? Mimi simcheki. Ukishakifuga kiumbe, ni amana mkononi mwako. Katika hilo mama alikuwa sahihi kabisa.

Asubuhi ya safari ikafika. Bajaji iko barabarani, sanduku limeshapakiwa, na bado hajapata mtu. Ulibaki mlango mmoja tu, tena ulio karibu kuliko yote: mlango wa jirani, ng'ambo ya ua wa michongoma. Huyo alikuwa mama mjane.

Kwa nini mwalimu hakuanzia huko? Walikuwa na ugomvi? Hapana. Ugomvi ungekuwa afadhali, wagombanao hukumbukana. Hawa walikuwa wakirushiana salamu tu juu ya ule ua. "Umeamkaje?" "Salama." Basi, kila mtu na njia yake.

Mwalimu akapiga hodi, akakaribishwa. Jirani alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akaacha kuchambua, akamsikiliza mwalimu mpaka mwisho, kisha akasema, "Nielekeze."

"Dagaa wako kwenye kopo jekundu. Maji uwabadilishie kila siku. Kaniki mfunike kwanza na taulo ndipo umdondoshee dawa, hatakukwaruza."

"Na yule mweupe?"

"Mchele hana shida. Ila radi ikipiga, atalia."

"Akilia nifanyeje?"

"Usifanye kitu, jirani yangu. Usimvute, usimfokee anyamaze. Kaa tu karibu naye. Anachotaka ni kusikia kwamba kuna mtu."

Jirani akanyoosha mkono, akapokea ufunguo. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote:

"Mwalimu, kumbe unajua vizuri sana namna ya kukaa na anayelia."

Mwalimu hakuelewa. Jirani akaendelea: "Mwaka jana nilipomzika mume wangu, nililia ndani ya nyumba hii mpaka sauti ikanikauka. Na wewe ulisikia. Najua ulisikia, kwa sababu ulifunga dirisha."

Wapendwa, ni kweli alisikia. Siku za matanga alijiambia: nyumba imejaa watu, nisipokuwepo mimi haitaonekana. Watu walipotawanyika, akajiambia: sasa nimechelewa, nikienda nitamwambia nini? Akaahirisha. Na kila alipoahirisha, ule mlango ulizidi kuwa mzito, mpaka ikawa rahisi kwake kubisha hodi mtaa mzima kuliko kuvuka ua wa michongoma.

Huko nje bajaji ikapiga honi.

"Nenda, mwalimu, basi litakuacha," jirani akasema. "Paka wako nitawatunza. Wao hawana kosa."

Sasa nawauliza ninyi. Kitu alichokuja kutafuta, si ameshakipata? Ufunguo umepokelewa. Wangapi hapa tungesema, "Asante sana, mama, Bwana akubariki," tukakimbilia bajaji? Tena tungefika Tanga na kutoa ushuhuda jinsi Mungu alivyofungua njia!

Mwalimu alitoka, ni kweli. Alikwenda mpaka barabarani, akamwambia dereva, "Shusha sanduku, baba. Leo sisafiri." Akarudi, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye mkeka bila kungoja kuambiwa.

Jirani akamtazama. "Umechelewa, mwalimu."

"Najua nimechelewa. Nimekuja."

"Machozi yangu yameshakauka."

"Basi nisimulie. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Jirani akarudia kuchambua maharage yake. Mwalimu hakujitetea, wala hakuondoka. Mwishowe jirani akausogeza ule ungo pembeni, akaanza kidogo kidogo. Akamweleza habari za mwanamume aliyeimba kila aliponyoa ndevu, aliyetia tangawizi kwenye chai mpaka watoto wakaikataa. Akacheka mwenyewe. Kisha akaifikia asubuhi ile ambayo alimwamsha mumewe na mumewe hakuamka, na yale machozi aliyosema yamekauka yakamwagika kama ya jana. Mwalimu akasogea karibu. Wakakaa hivyo mpaka jua likapinda.

Safari aliifanya baadaye, sikukuu ikiwa imeshapita, na binti yake alinung'unika sana. Paka walitunzwa vizuri. Mtaniuliza, je, wale mama wawili wakawa marafiki wa kufa na kuzikana? Siwadanganyi. Jirani alikuwa na haki ya uchungu wake, na uchungu kama ule hauishi kwa asubuhi moja. Zipo siku mwalimu alibisha hodi akajibiwa kwa mkato. Akarudi kesho yake. Akajibiwa tena kwa mkato, akarudi tena. Huyo ndiye mama ninayetaka mumtazame leo.

Maana sisi, wapendwa, hatukosi ujuzi wa huruma. Nani hapa hajui kuhurumia? Mfuga kuku anamjua kifaranga asiyekula vizuri. Mwenye pikipiki anausikia mlio wa injini ukibadilika kidogo tu, usingizi unampaa. Huruma tunayo, tena ya kutosha. Lakini tunaipeleka mahali ambapo hakuna atakayetuuliza, "Ulikuwa wapi siku zote?" Mnyama hakuulizi. Binadamu atakuuliza, na ndilo swali tunalolikimbia. Si kwamba hatuna muda. Tunaona aibu, na aibu tumeipa jina la shughuli.

Nilipokuwa nikisema haya, kila mmoja wetu limemjia jina la mtu mmoja. Usilifukuze hilo jina. Usiseme utakwenda Jumamosi, Jumamosi zilikuwapo nyingi na hukwenda. Usiseme, mchungaji, mimi nimeshachelewa. Naam, umechelewa! Nani amebisha? Aliyechelewa bado ana miguu.

Nilikuwa nimeandaa mahubiri marefu leo. Nayakata hapa, mpate muda. Tutaimba ubeti mmoja tu, kisha tokeni, msisimame mlangoni kupiga soga. Nenda kwa mtu wako moja kwa moja. Ukifika usianze kueleza sababu zako, hajakuuliza sababu. Bisha hodi. Akikuambia umechelewa, kubali. Kisha mwombe kiti.