Kwa Nini Vumbwe Haina Mpaka Kati ya Bahari na Mlima

Zamani, kabla Vumbwe haijaitwa manispaa, na kabla haijaitwa Vumbwe, bahari ilikuwa na watu wake na mlima ulikuwa na wake. Wa pwani walichemsha chumvi, wa mlimani walilima magimbi na kufuga mbuzi, na kila upande uliamini kwamba wenzao hawajui kula. Katikati, kwenye mteremko wa Kwebizi, palikuwa na chemchemi isiyokauka. Hiyo kila mmoja alisema ni yake.

Ukaja mwaka wa kiangazi kikali, watu wakatoleana mapanga pale majini. Wazee wakakutana, na wazee hawakosi njia ya kuwachosha wengine. Wakaamua kwamba jogoo akiwika, mwanamke mmoja apande kutoka ufukweni na kikapu cha chumvi kichwani, na mwingine ashuke kutoka kileleni na kijungu cha makaa ya moto. Watakapokutana, hapo ndipo mpaka. Lakini atakayekutwa chumvi yake imemwagika au moto wake umezimika, kwao wameikosa chemchemi.

Mlima ulimtuma Namkunda, mkunga mwenye miguu ya kuwashinda mbuzi na maringo ya kutosha miguu hiyo. Wajukuu zake walikuwa wakinywa maji ya tope mwaka ule. Aliapa kuishusha mipaka ya kwao mpaka asikie mawimbi.

Alishuka kama aliyeitwa. Alipoipita chemchemi moyo wake ukacheka, maana sasa kila hatua ilikuwa faida. Hakwenda mbali akamkuta mwenzake wa pwani, Mwanamize, ameketi kando ya njia na kikapu chake, uchungu wa uzazi umemshika, jasho linamtiririka. Mwanamize alikuwa na shingo isiyo na mfano kwa kubeba, basi alipowaambia wazee wake kwamba siku zake za kujifungua bado, waliona haya kuuliza zaidi.

Chemchemi ilikuwa imeshaingia mkononi mwa mlima. Namkunda alichotakiwa ni kuyalinda makaa yake mpaka wazee wafike.

"Mama, umeshinda," Mwanamize akamwambia. "Niache, kawaite wenzio."

"Nyamaza, mwanangu. Sukuma."

Akazaliwa mtoto wa kike. Ukungu ulikuwa umeshuka, mama anatetemeka, na mzazi asiyekandwa kwa maji ya moto ni mzazi wa kuliliwa. Namkunda akakitazama kijungu. Akawawaza wajukuu zake, na iliuma, iliuma sana. Kisha akayamwaga makaa juu ya vijiti, akasuuza kijungu, akapanda kuchota maji. Aliporudi na kuyabandika motoni, Mwanamize akaona haya kubaki na mzigo wake mzima. Akakipindua kikapu chote majini na majanini, ingawa konzi moja ingetosha.

Mzazi akakandwa, mtoto akanyonya. Kitovu kilipodondoka siku zile walizopumzika kwenye kibanda cha matawi, Namkunda alikizika kando ya chemchemi. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kufika, wakagombana mpaka sauti zikakauka, kwa kuwa kwa sheria yao wenyewe wote walikuwa wameshindwa. Mzee Mbelwa wa mlimani, aliyekuwa amekasirika kuliko wote, akamtaka Namkunda aonyeshe mpaka upite wapi.

"Kitovu cha mtoto wa pwani kimezikwa hapa," Namkunda akasema, "na mikono iliyokizika ni ya mlimani. Anayetaka mpaka, na achimbe."

Hakuna aliyechimba.

Na tangu siku hiyo Vumbwe ni nchi moja, miguu yake ikiwa kwenye miamba ya bahari na kichwa chake mawinguni. Asubuhi watu wake hula samaki mbichi kwa magimbi, na hawamwombi mtu ruhusa. Wenye miji mingine wana bahari, au wana mlima. Sisi tunavyo vyote, na tusipojivuna tutakuwa wanafiki. Akizaliwa mtoto pwani, moto wa kumkandia mama huwashwa kwa kuni za mlimani. Akizaliwa mlimani, maji hutiwa chumvi ya pwani. Na mwanamke wa Vumbwe akishikwa na uchungu njiani, yeyote anayepita hutua mzigo wake kwanza, hata uwe wa thamani gani, ndipo huuliza ni mtoto wa nani.