Mize na Zimwi la Jaani

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kabla sijaanza, nani kati yenu kautupa ungo wangu jaani? Mnatazamana. Ungo umetoboka tundu la kidole kimoja, mtu kaubeba, kaenda kuutupa! Basi leo sungura na fisi wapumzike. Leo nina hasira, na hadithi yangu ina hasira. Kaeni vizuri.

Hapo zamani palikuwa na kijiji kando ya msitu, na humo aliishi mwanamke aliyeitwa Mize. Mumewe alikuwa amesafiri mbali. Nyumbani alikuwa na mwanawe mchanga, Sikudhani, na wifi yake Semeni, dada wa mumewe, aliyekuja kukaa naye kwa muda. Semeni naye alikuwa mjamzito, mimba changa.

Mize hakutupa kitu. Kopo likiisha mafuta, alilifanya koroboi. Kifuu cha nazi alikifanya upawa. Kanga ikichakaa, yeye ndiyo kwanza aliipenda.

"Kanga mpya ni ya harusini," mama yake alimwambia alipokuwa hai. "Kanga kuukuu ndiyo ya mtoto."

Na kanga kuukuu kuliko zote ilikuwa ya mama yake huyo. Imefuliwa mpaka maua yake hayaonekani. Ndiyo iliyompokea Sikudhani alipozaliwa, na ndiyo iliyokuwa mbeleko yake. Hata alie vipi, akifungwa kwa kanga ile, ananyamaza.

Watu walimcheka Mize. Walimwita Bi Viraka.

Basi, mwaka huo mavuno yakawa mengi, na watu wakapata kiburi. Wakaleta vyombo vipya, wakatupa vya zamani. Tena vizima! Kinu kimepata ufa mwembamba, kitupwe. Mtungi umevuja tone, utupwe. Mkeka umefumuka pembeni, utupwe. Vyote vilikwenda jaani, ukingoni mwa msitu, jaa likawa kilima.

Ndani ya msitu mlikuwa na zimwi. Kila kilichotupwa lilikiokota, likajipachika mwilini, likazidi kuwa kubwa. Lakini halikuweza kuingia nyumba ya mtu, maana mlango humkataa adui. Ila mlango haukatai mali ya nyumba yake. Ukija umeshika kitu cha nyumba, mlango unakupisha. Zimwi lilijua hilo. Watu hawakujua.

Siku moja zimwi likajitwika kinu alichokitupa Mzee Kondo, likaja likiimba:

"Kilichotupwa ni changu,
mlango nipishe njia,
kilichotupwa ni changu!"

Mlango ukafunguka wenyewe. Mbuzi wa Mzee Kondo wakaliwa wote, zikabaki kamba.

Siku ya pili zimwi likaja na mtungi alioutupa Bi Mkasi, likiimba vilevile. Mlango ukafunguka. Kuku wote wakabebwa wazimawazima.

"Bahati mbaya," watu wakasema.

"Bahati mbaya gani?" Mize akafoka. "Kwa Mzee Kondo nimeona alama ya kinu mlangoni. Kwa Bi Mkasi nimeona alama ya mtungi. Mnalifungulia zimwi kwa mikono yenu wenyewe! Usiache mbachao kwa msala upitao, hamkufundishwa?"

"Bi Viraka huyo," wakacheka. "Anataka tumwachie jaa aokote."

Mize akarudi nyumbani na hasira zake. Lakini alijua nyumba yake ina amani, kwa sababu hakuna kilichotupwa.

Siku ya tatu Mize akaenda mtoni kuchota maji, akamwacha Sikudhani amelala. Semeni alikuwa anatazamia wageni, mashoga zake wa kijiji cha pili. Akaangaza macho nyumbani mle: koroboi ya kopo, upawa wa kifuu, na ile kanga kuukuu kwenye kamba. Aibu ikamshika.

"Wageni watasema kaka yangu kaoa ombaomba," akajisemea.

Akavitia vyote kapuni, akaenda kuvitupa jaani. Akarudi, akakaa uani kusuka nywele.

Haukupita muda, mtoto akalia ndani. Semeni akasikia mtu akibembeleza kwa sauti nene kidogo. Kisha mtoto akanyamaza ghafla.

"Wifi karudi," Semeni akasema, akaendelea kusuka.

Mize aliporudi na mtungi wake kichwani, alikuta mlango wazi na kitanda kitupu.

"Wifi, mtoto yuko wapi?"

"Si umembeba wewe? Nimesikia amenyamaza."

"Kanga ya mama iko wapi?"

Semeni akainamisha kichwa. "Nimekusafishia nyumba, wifi. Vile vikuukuu nimevitupa."

Mtungi ukamponyoka Mize, maji yakamwagika. Akaelewa yote. Zimwi limeshika mbeleko, mlango umelipisha, na mtoto amesikia harufu ya kanga yake, akapanda mgongoni mwa zimwi bila kulia.

"Umenisafishia!" Mize alisema. "Nyumba yangu ilikuwa na uchafu gani, Semeni? Umemtupa mwanangu kwa ajili ya macho ya wageni!"

Hakungoja jibu. Akachukua kisu, akachukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, pamoja na uzi wake. Akafunga kiberiti kwenye pindo la nguo. Akaingia msituni kwa hatua za mtu aliyekasirika, na hatua hizo, wajukuu zangu, hata nyoka huzipisha.

Akalikuta zimwi pangoni mwake, gizani, limekaa juu ya rundo la vyombo. Sikudhani alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kanga, amelala.

"Nipe mwanangu!"

"Kilichotupwa ni changu," zimwi likasema.

"Sikumtupa mimi!"

"Kanga ilitupwa na mkono wa nyumba yako. Aliyemo ndani ya kanga ni wangu pia."

"Mwizi mkubwa wewe! Kisichokuwa na kazi ndicho chako. Chenye kazi ni cha watu."

Zimwi likacheka mpaka vyungu vikagongana. "Haya, Bi Viraka! Nitachagua vitu vitatu. Ukivipatia kazi, mchukue mwanao. Ukishindwa, nawameza wote wawili."

Likang'oa begani mtungi wa Bi Mkasi, ambao sasa ulikuwa umetoka kitako. "Maji haushiki. Una kazi gani?"

Mize akaulaza ubavu, akatia majani makavu ndani. Kuku wa Bi Mkasi alikuwa akihangaika pale pangoni. Hakuambiwa na mtu. Aliingia mwenyewe, akatulia, akataga.

"Hiki bado kina kazi," Mize akasema.

Zimwi likaguna. Likang'oa kifuani mkeka ulioungua katikati. "Hakuna wa kuulalia. Una kazi gani?"

Mize akakata palipoungua, akakunja palipo pazima, akashona kwa shazia. Kikapu. Akaokota yai, akaliweka ndani.

"Hiki bado kina kazi," Mize akasema.

Zimwi likakasirika. Likamshika Sikudhani mkononi, likaivuta kanga, likaitatua kwa meno, likaitafuna, likatema nyuzi na vipande. "Haya! Hii nayo?"

Mtoto akaanza kulia. Mize alitazama kanga ya mama yake imelala chini vipande vipande, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Alilia kwa uchungu na kwa hasira, vyote pamoja. Lakini mikono yake haikusimama. Iliokota vile vipande, ikavisokota pajani, ikavisokota tena, mpaka vikawa utambi.

Pembeni pale lilikuwepo kapu alilotupa Semeni, na ndani yake koroboi ya kopo, bado ina mafuta kidogo. Mize akatia utambi, akawasha kiberiti.

"Hiki bado kina kazi!"

Pango lile halikuwahi kuona taa. Zimwi likaziba macho kwa mkono mmoja, na Mize akaliona lilivyo. Mguu wake ulikuwa kinu. Mbavu zake zilikuwa tendegu za vitanda. Tumbo lake lilikuwa sufuria ya watu.

"Kumbe wewe ni sisi!" Mize akapiga kelele. "Kinu hicho kitazibwa, bado kina kazi!" Mguu ukaanguka. "Tendegu hizo zitakuwa viti, bado zina kazi!" Mbavu zikaanguka. "Sufuria hiyo itatiwa kiraka, bado ina kazi!" Tumbo likaanguka, mkono ukalegea, na Mize akamdaka mwanawe.

Zimwi likabaki mdomo mtupu. Ukatambaa, ukaingia kichakani, ukingoja kitakachotupwa tena.

Mize alipofika kijijini, watu wakampokea kwa vigelegele.

"Nyamazeni!" akawaambia. "Vigelegele vya nini? Jana mlinicheka. Nendeni pangoni, kila mtu akachukue chake, na asiyejua kukitengeneza aje nimfundishe."

Wakaenda, na Mzee Kondo mbele.

Miezi ikapita. Semeni akarudi kwake, akajifungua. Nyumba yake nzima ilikuwa na nguo mpya, ngumu, zina wanga wa dukani. Kila aliyoivaa mtoto ilimkwaruza, akalia usiku na mchana, ngozi nyekundu. Nguo laini hakuna, zote zilikwishatupwa.

Basi akaja mlangoni kwa Mize. "Hodi, wifi."

Mize akatoka mlangoni. Alimtazama Semeni, akamtazama mtoto. Hasira ilikuwa bado imo. Kisha akaingia ndani, akatoa kanga yake mwenyewe kuukuu, ile aliyokuwa akimwekea Sikudhani, akaichana katikati. Nusu akampa.

"Sijakusamehe, wifi," akasema. "Lakini mtoto huyu hajatupa kitu."

Semeni akamfunga mwanawe. Mtoto akanyamaza. Semeni ndiye aliyelia.

Hadithi yangu imeishia hapo, na hasira zangu zimebaki. Funzo lake ni hili: kabla hujatupa kitu, kitafutie kwanza kazi nyingine, maana unachokitupa hakipotei, kina mwenye kukiokota.

Haya, inukeni. Jua halijazama bado. Nileteeni ungo wangu, na mmoja wenu anishikie ukili, huu msuko wa ukindu, tuuzibe lile tundu.