Mkaja Mmoja, Mama Watatu

Hapo zamani, wajukuu zangu, zamani isiyo ya mbali sana maana vitabu vilishakuwapo, palikuwa na msichana akiitwa Sauda. Sauda alipenda hadithi za vitabuni, na si hadithi yoyote tu. Alitaka zile za nyumba zenye siri: mtoto anakua akimwita huyu mama, kumbe mama ni yule. Alasiri wanawake wakikaa ukumbini kushona kofia, yeye akiwasomea. Macho yao kwenye sindano, masikio kwake.

Wanawake wenyewe watatu. Bi Nuru, mama yake Sauda. Bi Mishi, mdogo wake Bi Nuru, mjane, mtaa mzima ukijua hajapata kuzaa. Na Bi Chausiku, jirani yao tangu walipokuwa shamba, mwenye wana wa kiume watupu na maneno yasiyokwisha.

Harusi ya Sauda ilikuwa imekaribia. Kesho yake watu wa bwana harusi wangeleta mkaja, kile kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua. Huletwa kumshukuru mama mzazi. Huwa kimoja, na hupokewa na mama mmoja, mbele za watu.

Basi siku hiyo Sauda alikuwa akimalizia kitabu kikuukuu, jalada limeshang'oka.

"Mwandishi huyu fundi," akawaambia. "Siri unapishana nayo kila ukurasa na huioni. Ikijitokeza unasema, mbona ilikuwa hapa hapa!"

"Soma, mwanangu, utuache tusikie," akasema Bi Nuru.

Akasoma. Mwanamke wa kitabuni akamwacha mwanawe mchanga kwa watu, akafuta machozi, akaenda zake.

"Machozi tu?" akadakia Bi Chausiku. "Mimi kuku wangu akipotea nalia kuliko huyo!"

Wakacheka. Bi Mishi hakucheka, wala hakuinua uso.

"Mwandishi fundi kweli, Mungu ambariki," akasema, "lakini hapo kapakosa. Machozi si kitu. Ni maziwa. Mtoto analia chumba cha pili, maziwa yanachuruzika yenyewe. Unajifunga kanga kifuani, unakaza, na bado nguo inalowa."

Sindano zikasimama.

Sauda akaweka kidole kwenye mstari alipofika. "Mama mdogo, wewe umeyajuaje hayo?"

Bi Nuru alijidunga sindano, doa la damu likaingia kofia nyeupe, asilione.

"Mwambie, Mishi," akasema Bi Nuru. "Mimi nimechoka kuogopa."

Bi Mishi akaiweka kofia chini. "Sisi dada wawili tuliolewa na ndugu wawili. Mume wangu akafa, nikakaa eda huko shamba, na tumboni mna wewe. Mtu wa eda haonwi, kwa hiyo hakuna aliyejua. Dada yangu alikuwa amezika watoto hadi akaacha kula, akaacha kusema. Nikamwona anakufa huku anapumua. Nilipokuzaa nikakuweka mikononi mwake, akafungua mdomo akasema, 'Ana baridi huyu, nipeni nguo.' Basi nikajua nimempata dada yangu, na watu tukawaambia kazaa yeye. Tangu hapo nimeitwa tasa harusini na matangani, nikanyamaza. Mkaja ni wa tumbo, mwanangu, na tumbo lilikuwa hili."

Bi Nuru akasema: "Tumbo lako, Mishi, sibishi. Lakini surua yake niliiuguza mimi. Kutembea alijifunzia kwenye kanga yangu. Na kila sikukuu ulipokaa kumsuka nywele, mimi nilisimama jikoni nikisema leo atamtaka mwanawe. Wewe ulimtoa mara moja. Mimi nimekuwa nikimpoteza kila Idi. Mama ni yule mwenye hofu ya mtoto, na hofu hiyo nimeibeba peke yangu."

"Na mimi je, niliyekuwa nikimnyonyesha?" akafoka Bi Chausiku. "Mishi kajikaza kifua kwa kuogopa kwamba akimnyonyesha hatamtoa tena. Nuru hana tone. Mtoto alinyonya kwa nani? Mwanangu titi hili, yeye titi hili! Na wanangu walipokua wakaanza kumtupia macho, niliwafukuza kwa mwiko, maana ni ndugu zake wa ziwa. Jirani wakaniona nina majivuno, natafuta wakwe matajiri. Nikayameza. Bila mimi mngekuwa na siri, lakini mtoto msingekuwa naye."

Sauda akawatazama, akalia, akacheka, akalia tena. Alikuwa amesoma siri za watu miaka yote akizisifu, na hakuwahi kufikiri kwamba siri inaweza kuwa ni upendo ulionyamaza hivi.

Jioni akamaliza kitabu. Kiliishia binti yuko mlangoni, mdomo wazi, kabla hajatamka neno "mama". Siku nyingine Sauda angemgombeza mwandishi: mbona umetukimbia? Siku hiyo alikifunga taratibu, akaweka kiganja juu yake. Mwandishi hakukimbia. Alifika mahali pagumu, akasimama kwa adabu.

Kesho yake ukumbi ukajaa. Shangazi wa bwana harusi akainua sinia.

"Mama mzazi wa bibi harusi ajitokeze!"

Bi Mishi akamsukuma dada yake. "Nenda, watu wanatazama."

"Niende na tumbo gani? Nenda wewe."

"Nendeni hata mmoja," akanong'ona Bi Chausiku, "au niende mimi niwaaibishe!"

Lakini na yeye hakwenda.

Ndipo Sauda akatoka kwenye mkeka wake, jambo ambalo bibi harusi halifanyi, akautwaa mkaja mwenyewe. Akawaendea wale watatu. Kitambaa ni kimoja, na kikikatwa si mkaja tena. Akapiga magoti, akainua mikono.

Haya, wajukuu, mimi nami hapa ndipo nisimamapo. Kuneni vichwa. Je, ni nani aliyestahili kufungwa mkaja ule?