Divai Kavu ya Mwalimu Ouko

Wapo watu ambao ni radhi kulipia wasichokijua kuliko kuuliza ni nini. Mwalimu Ouko alikuwa mmoja wao.

Jumamosi hiyo alikuwa amemwalika Mzee Gikonyo, mkulima wa kahawa kutoka Wamagana, katika mkahawa mmoja mjini Nyeri. Alitaka ruhusa ya kuwaleta wazee wake kumposa Murugi, binti ya mzee huyo. Murugi mwenyewe aliketi kati yao, roho mkononi.

Mhudumu, Tabby, alileta mbavu za mbuzi na orodha ya divai. Ouko, ambaye maishani alikuwa ameonja divai ya meza ya Bwana tu, aliikunjia ndita kama anayesahihisha mtihani.

"Hii tunauza kwa glasi," Tabby alimwelekeza. "Bei iko chini na inaenda vizuri na mbuzi. Lakini ni kavu."

Ouko alihisi ametukanwa. Chai kavu aliijua: ni chai isiyo na mkate wala andazi, chai ya mwisho wa mwezi. Leo amnyweshe baba mkwe divai kavu?

"Kwani tunakaa kama watu wa kavu? Lete ile ya bei ya juu kabisa!"

Chupa ikaja, ikafunguliwa. Divai ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi, na nyama ikapoteza ladha yote.

"Nzuri sana, mzee," Ouko alisema, akimeza kwa shida.

Gikonyo aliweka glasi chini, akamgeukia Tabby. "Msichana wangu, mimi sijui hii maneno. Kavu ni nini?"

"Ni divai haina utamu, mzee. Ngoja nikuonjeshe, haulipi."

Mzee alionja, akatafuna ubavu, akaonja tena.

"Hii na nyama ni marafiki. Mwarimu, hata kahawa yetu wanunuzi wanaonja kwanza ndio waseme bei. Wewe umenunua bila kuuliza, halafu unaniambia ati ni nzuri. Nikikupea Murugi, utakuwa unaniambia ukweli?"

Ouko alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ilimchoma, lakini hofu ya kumkosa Murugi ilimchoma zaidi.

"Sikujua, mzee. Nilifikiria ni kama chai kavu. Niliogopa kuuliza."

Gikonyo alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Na kuna ingine unaogopa kuuliza?"

Ouko alimtazama Murugi. "Iko. Naweza kuleta wazee wangu kwako?"

"Walete. Lakini wasikuje kavu!"

Hakika, kuuliza si ujinga.