Matairi Mawili ya Mkombozi

Hapo zamani, nayo si zamani ya mababu bali ya juzi juzi tu, katika kijiji cha Gidabu nyuma ya vilima vya Hanang, wakulima arobaini na watatu walikuwa na trekta moja. Walilinunua likiwa kuukuu, wakalipaka rangi nyekundu, wakaliandika ubavuni MKOMBOZI. Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza swali, na jibu lake mimi mwenyewe sina.

Mwaka huo injini ya trekta hilo ilikuwa nzima. Shida ilikuwa matairi. Yale mawili makubwa ya nyuma yalikuwa yamekwisha meno, yamekuwa kipara kama goti. Kwenye vumbi yalikwenda. Kwenye udongo mweusi wa Gidabu, ukishalowa, yalizunguka palepale yakirusha matope, na trekta halisogei hata hatua moja.

Mwezi wa kumi wakaitana mkutanoni. Mvua ilikuwa mbele yao kwa majuma machache, na mfuko wa chama ulikuwa na uwezo wa kununua matairi mawili yaliyotumika yenye hali nzuri, au moja jipya. Akasimama Fausta, mjane, mtunza stoo wa chama, ambaye watu humwita Mama Sabina. Marehemu mumewe aliendesha trekta kwenye mashamba makubwa ya ngano, na mama huyu alimpelekea chakula shambani miaka kumi na sita, akisikiliza habari za matairi mpaka akazijua. Akawashauri wanunue mawili yaliyotumika, yenye kimo kimoja. Wasidanganywe na meno marefu. Wabonyeze ubavu wa tairi kwa kidole gumba, na wakiona nyufa waliache hapo hapo. Katibu akaandika: Mama Sabina ametoa maoni. Kisha wakaendelea na ajenda.

Wakapitisha pia jambo moja ambalo halikupingwa na mtu. Yeyote atakayelisimamisha trekta tena kwa miguu yake, shamba lake lilimwe la kwanza. Msidhani hiyo ni zawadi ndogo. Mkombozi alikuwa na desturi ya kufa siku ya pili ya kilimo. Mwaka uliopita alilima siku moja, akalala siku kumi na tisa akisubiri kipuri, na waliolimiwa baada ya hapo walivuna mabua. Kwa hiyo Gidabu, kulimiwa wa kwanza ni kula. Kulimiwa wa pili ni kuomba Mungu.

Mwenyekiti wa chama aliitwa Marsel Margwe, mtu mpole anayependa mambo yafanywe kwa utaratibu. Utaratibu ulisema tairi halinunuliwi na mtu mmoja. Basi wakaenda Arusha watu watano: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mjumbe wa kutathmini bei, na mjumbe wa kuwaangalia hao wanne wasije wakala hela. Wakalala huko siku tatu. Kila mmoja alisaini posho ya kila siku, na yule wa kuwaangalia wenzake alisaini ya kwake kwa mwandiko mzuri kuliko wote.

Dukani wakaonyeshwa matairi yaliyotumika. Marsel, aliyekuwa amevaa koti la mtumba, akasema chama chenye usajili hakiwezi kuvaa mtumba. Wakachagua moja jipya. Walipokwenda kulipa, posho ilikuwa imeshaula mfuko, na hela haikufika. Wale wanne wakatazama dari. Marsel ndiye aliyepiga simu nyumbani, akamwambia mkewe auze mtamba wao wa pekee, atume hela siku ileile. Mkewe akauza. Jioni hela ikafika.

Tairi likapokelewa Gidabu kwa nyimbo. Likafungwa utepe, utepe ukakatwa, watu wakapiga picha wakiwa wameliegemea. Halafu akaitwa Gidamis, dereva na fundi wa chama, alifunge. Gidamis akauliza lingine liko wapi. Akajibiwa kwamba lingine ni awamu ya pili.

Akalifunga upande wa kulia. Mvua ya kwanza ikanyesha, trekta likaingizwa shambani kujaribiwa. Lilikuwa limeinama upande kama mtu anayesikiliza umbea dirishani. Gidamis akakanyaga mafuta. Tairi kipara likazunguka kwa kasi. Lile jipya likasimama tuli, safi, kama mgeni rasmi. Wakamwambia alazimishe magurudumu yote mawili yavute pamoja. Akakataa, akasema matairi yenye kimo tofauti yakilazimishwa hivyo yatavunja gia, na gia ikivunjika hata awamu ya kumi haitasaidia. Baada ya nusu saa wakamtoa mkombozi wao kwa ng'ombe.

Kamati ikaamuru tairi jipya lifunguliwe, lifungiwe stoo, lisije likachakaa kabla ya kupata mwenzake. Ikaanza kukaa vikao. Kikao cha kwanza kilijadili chanzo cha tatizo. Kikao cha pili kilijadili muhtasari wa kikao cha kwanza. Huku nje ardhi ilikuwa imelowa, majani yanaota, na watu wanahesabu siku kwa vidole.

Mama Sabina hakuwa na muda wa kuhesabu. Alisikia kwamba ng'ambo ya korongo, mkulima mkubwa aitwaye Tarmo alikuwa amefunga trekta lake matairi mapya mwezi huo huo, na moja likachanwa na kisiki. Akaenda kwa miguu kuona. Trekta la Tarmo lilikuwa na matairi ya kimo kilekile cha Mkombozi. Tarmo alihitaji jipya moja tu, la kulirudishia lililobaki mwenzake. Na nyuma ya ghala lake yalikuwa yameegemea yale mawili ya zamani aliyoyavua, yamebaki nusu ya meno. Mama Sabina akaomba kuyatazama. Akainama, akabonyeza ubavu kwa kidole gumba, akazunguka tairi lote, akahamia la pili. Hakukuwa na ufa.

Wakakubaliana: jipya moja kwa haya mawili.

Alirudi akijua kwamba akiomba ruhusa itaandikwa kuwa ni maoni. Kwa hiyo siku iliyofuata, saa nne asubuhi, wakati kamati imekaa ofisini ikijadili ulinzi wa tairi, yeye alifungua stoo kwa ufunguo wake halali, akalivingirisha tairi hadi kwenye mkokoteni, akafunga ng'ombe wake wawili, akaondoka. Alipita mbele ya dirisha la ofisi. Mjumbe mmoja alimwona akampungia mkono.

Kwenda kulikuwa kwema. Wakati wa kurudi, na matairi mawili mgongoni mwa mkokoteni, akateremka korongo na ng'ombe mmoja akateleza kwenye jiwe, akavunjika mguu wa mbele. Mama Sabina alikaa chini karibu naye muda mrefu. Kisha akatafuta watu, ng'ombe akachinjwa palepale, na matairi yakasukumwa na majirani hadi kijijini. Jozi yake ya kulimia ikawa ng'ombe mmoja, na ng'ombe mmoja halimi.

Kamati ilipopata habari ikataka kumshtaki kwa kuhamisha mali ya chama bila kikao. Gidamis akawaambia wafanye wanavyotaka, lakini wasogee, wanamzibia mwanga.

Alipofungua gurudumu la kushoto akakuta rimu imeliwa na kutu mpaka kidole kinapita. Rimu mpya haikuwepo katika mfuko wala katika awamu. Gidamis alikwenda nyumbani, akang'oa mlango wake wa chuma, akaukata vipande, akaichomelea rimu kwa siku mbili. Mkewe akatundika khanga mlangoni. Akafunga tairi la kwanza, akaangalia mishale ya meno ielekee mbele, akajaza maji ndani ya tyubu ili trekta liwe na uzito wa kuuma udongo. Kwenye tairi la pili jeki ikazama matopeni, gurudumu likamwangukia, likamvunja mkono wa kushoto. Zahanati wakamfunga. Alirudi mchana uleule, akakaza nati zilizobaki kwa mkono wa kulia.

Siku ya tatu akawasha. Mkombozi akaingia kwenye matope yaleyale, akayauma, akatoka upande wa pili akiwa amenyooka.

Watu wakafurahi mpaka walipokumbuka swali la shamba la kwanza. Wakakusanyika ofisini, trekta likinguruma nje, kwa kuwa hakuna aliyetaka kulizima wakati limekubali. Akasimama Marsel wa kwanza.

"Tarmo hakutoa matairi yake kwa huruma," akasema. "Aliyatoa kwa sababu ya tairi jipya, na tairi jipya nimelileta mimi, kwa mtamba wangu. Mngesikia shauri la Mama Sabina, ningenunua yaliyotumika Arusha, na ningeuziwa mabovu, kwa sababu matairi mimi siyajui. Nyumbani kwangu hakutakuwa na maziwa. Trekta lije kwangu."

Akasimama Mama Sabina. "Mwenyekiti, mtamba wako ulijaza shimo lililochimbwa na posho, na saini ya kwanza kwenye karatasi ya posho ni yako. Mimi nilisema tangu mwanzo matairi mawili, na mawili ndiyo haya. Jirani zangu wana ng'ombe wa kulimia. Mimi sina tena. Trekta lije kwangu."

Marsel akamjibu kwa upole kwamba kila mtunza stoo akianza kubadilisha mali kwa akili yake, mwaka ujao hawatakuwa na stoo. Hata waliompenda mama yule wakaona kuna ukweli ndani ya maneno hayo.

Gidamis akasimama wa mwisho, mkono shingoni. Alisema maneno machache. "Matairi yakiwa chini si miguu, ni mpira tu. Nimeyafanya miguu mimi. Mlango wangu uko ndani ya rimu. Kwa mkono huu sitashika jembe msimu huu. Trekta lije kwangu."

Hapo mjumbe wa kuangalia wenzake akaona ni zamu yake kufanya kazi aliyolipwa. Akamuuliza Gidamis yale matairi ya mwanzo yaliishaje katika misimu miwili, wakati ya Tarmo yalidumu misimu saba. Gidamis akakiri. Kila Jumapili alikuwa akilitoa trekta, analiendesha barabarani kilomita ishirini za lami, anabeba mchanga wa wajenzi, na lami ndiyo iliyokula meno. Alisema mkewe alikuwa mgonjwa mwaka ule, na chama kilikuwa hakijamlipa ujira wake tangu kiangazi, kwa sababu suala lake lilikuwa linasubiri kikao.

Watu wakaangaliana. Mmoja akapendekeza iundwe kamati ndogo. Mwingine akauliza kama itakuwa na posho.

Mvua ikaanza kupiga bati. Nje, Mkombozi ananguruma njia panda. Shamba la Marsel liko chini, bondeni, maji yakijaa halilimiki tena. Shamba la Mama Sabina liko ng'ambo, karibu na korongo. Shamba la Gidamis liko kwenye mteremko, udongo wake umeanza kushuka. Kulima shamba moja ni siku nzima, na kesho ya Mkombozi anaijua Mungu.

Sasa, enyi mliokaa hapa, msiniambie walime kila mmoja kipande, maana trekta lisingemaliza hata vipande. Msiniambie wapige kura, maana walipiga, na kila mtu alimpigia ndugu yake. Aliyeuza mtamba ndiye aliyesaini posho. Aliyeleta matairi ndiye aliyetoa mali ya watu bila kuwauliza. Aliyeyafunga kwa mlango wa nyumba yake ndiye aliyeyamaliza yale ya kwanza.

Mafuta yanaungua na mvua inazidi. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kulimiwa leo, na ni nani kati yenu atakayekwenda kuwaambia wale wawili wengine?