Mayai ya Mlinda Lango

Haya, akina mama, sogeeni mbele, mabenchi ya mbele hayaumi. Na ninyi wawili wa pale dirishani, hiyo habari mnayonong'onezana ninayo, tena ninayo kwa kirefu kuliko ninyi, kwa hiyo iwekeni kwanza. Leo sina maneno makubwa. Nina mfano mmoja, wa watoto na simu zao.

Najua mnasema, bibi huyu na michezo ya simu, wapi na wapi? Wajukuu wanakuja kwangu likizo, wanakaa karibu na moto na hizo simu, wanapiga kelele. Nami nina macho, na masikio yangu mnayajua.

Kulikuwa na binti mmoja, huku huku kwetu milimani, kwenye viazi na baridi. Aliishi na bibi yake. Binti huyu alikuwa katika timu ya mchezo wa simu. Mchezo wenyewe ni hivi: watano kwa watano, kila mtu na simu yake, na kila timu ina ngome. Wanne wanakwenda kushambulia ngome ya wenzao, mmoja anabaki nyumbani kulinda lango. Mnaweza mkawa kila mmoja na kijiji chake, mnakutana humo humo ndani ya simu. Binti yetu ndiye alikuwa mlinda lango.

Alikuwa hodari? Hapana, jamani, nisidanganye nikiwa nimesimama hapa. Kidole chake kilikuwa kizito. Adui anapita, anaingia, anavunja, ndipo yeye anabonyeza. Lakini alikuwapo tangu timu yao inachekwa, na ule mchezo aliupenda mpaka anauota. Bibi yake naye, ambaye hata kuwasha simu ni mpaka aombe msaada, alikuwa anatangaza kisimani: "Mjukuu wangu analinda lango! Hapiti mtu!" Wenye watoto wao walijua kwamba wanapita wengi tu, lakini nani amwambie bibi?

Basi yakatangazwa mashindano ya milimani kote. Zawadi ilikuwa kompyuta, za kutosha darasa zima, kwa shule ya washindi. Na shule ya kijiji hicho ilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, inafunuliwa mgeni akija.

Sharti la mashindano lilikuwa kwamba mchezaji awe anaishi huku milimani. Siyo mwenye shangazi huku. Siyo aliyepita kununua viazi. Anayeishi. Kwa nini? Kwa sababu mjini mtandao unakimbia, na huku ukibonyeza, simu inakwenda kwanza kunywa chai ndipo ikujibu. Ukiwachanganya watoto wa huku na wa mjini, wa huku wanapigwa kabla hawajakaa sawasawa. Waandaaji wakasema, hapana, hawa nao wapate uwanja wao, wacheze wanaolingana. Wakapita vijijini, wakawaona wachezaji kwa macho, wakayakubali majina. La binti likiwemo.

Sasa nahodha. Nahodha wa ile timu alikuwa kijana mwenye haraka zake, na alikuwa na binamu yake mjini. Huyo binamu, kidole chake sijui kilipakwa nini! Na msimchukie, alikuwa mtoto mpole, mwenye heshima, anayependa kucheza basi. Nahodha akamfuata binti nyumbani, akamkuta anafua.

"Dada, nina ombi. Nipe neno la siri la kuingilia kwenye mchezo. Binamu yangu atacheza kwa jina lako."

"Na mimi?"

"Wewe pumzika. Jina lako litakuwepo."

"Kaka, jina langu litacheza bila mimi?"

"Litacheza vizuri kuliko likiwa na wewe."

Mmesikia hilo? Akina mama, mmelisikia? Ukiambiwa hivyo na mtu unayemheshimu, unajibu nini? Binti aliziangalia nguo ndani ya beseni. Akazifikiria zile kompyuta. Akatoa neno la siri.

Wakaanza kushinda. Walishinda bwana! Wale wanne wakawa wanachezea mbele za watu, katika ukumbi wa kanisa, kila kitu kinaonekana kwenye turubai jeupe ukutani. Na mlinda lango je? Nahodha akawaambia watu, "Yeye anachezea kule ghala la viazi, ndiko mtandao unashika." Kumbe binti amefungiwa ghalani anachambua mbegu za viazi, na anayelinda lango yuko mjini, kwenye kiti cha kuzunguka.

Lililomtesa binti halikuwa ghala. Ni mayai.

Kila mara timu yao ikishinda, bibi yake alikuwa anamchemshia yai. Ninyi mnaofuga mnajua yai la kienyeji wakati wa baridi, kuku wenyewe wamenuna, hawatagi. Bibi alilichemsha, akalimenya kwa mkono wake, akalitia chumvi. "Kula, mlinda lango wangu. Leo nimewaona walivyokukimbia." Na binti anakula. Afanyeje? Aseme nini? Anakula yai la mtu mwingine, na bibi yake amekaa mbele yake anatabasamu na pengo lake. Lilikuwa linashuka kooni kama limeshikiliwa.

Katika nusu fainali walikutana na watoto wa kijiji cha bondeni, wale wanaopanda mpaka kwenye tangi la maji kutafuta mtandao. Wakawachapa. Watoto wa bondeni wakashuka kwenye tangi lao wanalia, na huku juu watu wanacheza ngoma.

Ikafika fainali, Jumamosi mchana. Ukumbi umejaa, sufuria za pilau ziko nje. Bibi yuko benchi la mbele, kitenge kipya kimekakamaa hakijaonja maji, na kila anayepita anaambiwa, "Ni mjukuu wangu yule, wa langoni." Mtangazaji wa mashindano yuko mjini kwa waandaaji, sauti yake inatoka kwenye spika. Akasema:

"Fainali ina desturi yake. Kabla hatujaanza, kila mchezaji awashe kamera, asalimie nyumbani kwa salamu ya nyumbani. Tuonane, maana tumechoka kuona majina."

Nahodha hilo hakulitarajia. Wale watatu wakasalimia, yeye akasalimia huku anatafuta mlango kwa macho. Mtangazaji akaita jina la binti. Kamera haikuwaka. Akaita tena. Na yule binamu huko mjini, mtoto wa watu, awashe kamera aseme nini? Aonyeshe ndevu zake mbili?

"Mtandao mbaya!" nahodha akapaza sauti. "Nakwenda kumwita!" Akatoka mbio mpaka ghalani.

"Dada, ingia! Ingia upesi kwa simu yako, usalimie!"

"Nikiingia mimi, binamu yako atatupwa nje. Mchezo haukubali simu mbili kwa jina moja."

"Najua! Salimia tu, kisha utoke, yeye arudi. Salimia utoke. Unasikia? Utoke!"

Binti akafuta mikono kwenye sketi, akaingia. Kule ukumbini, uso wake ukatokea kwenye turubai, mkubwa kama mlango, una udongo shavuni na viazi nyuma yake. Watu wakalipuka. Bibi akasimama juu ya miguu yake mibovu.

"Kamwene, mwanangu!" Hiyo ndiyo salamu yetu ya huku, na hujibiwa kwa neno lile lile.

Binti akaisikia sauti ile kwenye simu. "Kamwene, bibi."

Nahodha yuko pembeni yake, anafanya kwa mkono: toka, toka, toka. Lakini mtangazaji alikuwa mtu wa watu, hakuwa na haraka. Akasema, "Ahaa! Ndiye huyu. Dada, wewe ndiye umewazuia wote mpaka leo. Huyo ni bibi yako? Una neno la kumwambia?"

Hapo, akina mama, ningekuwa mimi ningesema, "Ahsanteni kwa sala zenu," nikatoka. Wewe je? Usinitazame hivyo, na wewe ungetoka.

Binti akasema, "Bibi, yale mayai hayakuwa yangu."

Akaifuta simu udongo, akaendelea.

"Mimi nilikuwa huku nachambua viazi. Anayecheza kwa jina langu yuko mjini. Mayai yako nimeyala bure, bibi."

Basi. Mashindano yakasimamishwa. Waandaaji wakateta, wakarudi na uamuzi: timu imetoka, na nafasi yake wanaichukua wale waliotolewa nayo, watoto wa bondeni. Wakatafutwa kwa simu, mmoja alikuwa anachunga, mmoja anasukwa nywele, wakapanda tangi lao wanahema, huyu kichwa nusu kimesukwa. Wakacheza. Wakachukua kompyuta. Zipo mpaka leo kule bondeni, ukienda mnadani unaziona dirishani.

Nahodha alilia mbele za watu. "Dada, umewanyang'anya watoto wetu kompyuta!"

"Kaka," binti akamjibu, na sauti yake ilikuwa ndogo, "tulikuwa tumeshawanyang'anya wa bondeni."

Na bibi? Alijikusanya na kitenge chake, akatoka ukumbini bila kumwangalia mtu. Pilau ililiwa kama ya msibani. Kisimani mnajua yaliyosemwa, mengine hata mimi siwezi kuyarudia, na mimi si mwoga wa kurudia. Nyumbani bibi na mjukuu waliishi kwa adabu, shikamoo na marahaba, lakini mayai yalikwenda sokoni.

Mashindano yakaja tena. Timu ile ikaadhibiwa kidogo, ikasamehewa, ikaingia na watano wake wenyewe. Nahodha hakutafuta mtu mjini, alikuwa ameona haya ya kutosha. Binti akakaa langoni, mbele za watu, ukumbini. Mechi ya kwanza kabisa.

Wakapigwa.

Na siyo kupigwa kwa heshima! Lango lilivunjwa mpaka waliokuwa wanashangilia wakaanza kuwaonea huruma. Kidole kile kile, kizito vile vile. Watu wakatoka wanacheka. Binti akarudi nyumbani ameinamisha kichwa, akasukuma mlango wa jikoni.

Akamkuta bibi yake kwenye kigoda. Mkononi ana yai, analimenya.

"Bibi, tumepigwa."

"Najua. Nilikuwa nyuma, nimesimama. Nimekuona unachelewa kubonyeza."

"Sasa yai la nini?"

"La mlinda lango. Nilikuwa sijamwona akicheza mpaka leo." Akalitia chumvi. "Kula. Na kuna mengine mawili kwenye kikapu, tafuta mtu wa kwenda mjini ayapeleke kwa yule kijana. Masikini, alishinda mechi zote zile na hakuna mtu aliyeliita jina lake."

Mfano wangu umeishia hapo. Sasa tuseme sisi, maana nawaona mmetulia kama mnaosikia habari za jirani.

Sisi tuna majina mazuri humu. Jina la fulani liko katika umoja wa wanawake, liko katika kwaya, liko katika zamu ya kutembelea wagonjwa. Na mwenye jina yuko wapi? Mgonjwa anasikia hodi, anamwona msichana wa kazi na hotpoti: "Mama kasema pole." Mwingine kafiwa na mume, rafiki yake wa miaka yote anamtumia maneno ya rambirambi marefu, yenye maua na njiwa, aliyotumiwa na mtu ambaye naye alitumiwa na mtu. Mwingine anataka mtoto wake aombewe, anapiga simu kwa mwombaji hodari wa mjini, tena anampangia na saa za kuomba, na yeye mwenyewe magoti hayajagusa sakafu. Sitaji mtu. Wewe wa kitambaa cha njano, mbona unakunja kitambaa? Sijakutaja.

Tunaona haya kwa sababu vidole vyetu ni vizito. Sala zangu mimi ni fupi, zinarudia rudia, katikati nasinzia. Naona bora aombe mwenye maneno. Lakini Mungu akiliita jina langu, hamwiti binamu yangu. Anataka kuniona mimi na udongo wangu shavuni. Hajawahi kuomba kompyuta kutoka kwangu.

Na wale wa bondeni tusiwasahau. Kila nikitumia mlango wa mkato kwa jina zuri, kuna mtu yuko juu ya tangi analia na hajui kwa nini kashindwa. Mtoto wa jirani kakosa nafasi kwa sababu wangu niliyemwingiza hakustahili. Tunasifiwa, yai tunalila, na tunashangaa mbona halishuki.

Kesho ni zamu ya kupeleka uji kwa yule mama aliyevunjika nyonga, kule juu kwenye mashamba ya pareto ya zamani. Mnajua nani ana zamu, naye anajua. Aende mwenyewe. Najua kupika uji hajui, tumeunywa uji wake wote hapa, hatujasahau. Upike hivyo hivyo, mama, upande nao mlima. Huyo mgonjwa hajauliza habari za uji. Kila siku anaponiona ananiuliza habari zako.