Pishi Mpya ya Wazee wa Maji

Mlipwa kwa pishi hachongi pishi. Ndivyo alivyosema yule wakili redioni, kwenye kesi ya madiwani waliojiongezea posho kupita kikomo cha katiba, nanyi mkacheka mkidhani ameyatunga palepale ili kumkomoa mwenzake. Hakuyatunga. Maneno hayo yana kwao, na kwao ni Ikwandi, kijiji cha milimani. Aliyeyasema kwanza alikuwa mwanamke mwenye shamba dogo, jina lake Nakiete, na mambo yalianza hivi.

Ikwandi iliishi kwa mfereji mmoja ulioteremsha maji kutoka chemchemi ya juu. Koo saba ziliuchimba, na siku ulipokamilika zikaapa pamoja: wazee watano watagawa maji kwa zamu, na kwa kazi hiyo kila kaya itawapa pishi kumi za mahindi kila mavuno. Zisizidi hapo mpaka koo zote saba zikutane na kukubali. Kiapo hicho ndicho kilichokuwa katiba yao, na mtoto wa Ikwandi alikijua kabla hajajua kufunga mbuzi.

Pishi yenyewe ilikuwa chombo cha mti kinachojaa kwa vibaba vinne. Ikipasuka, desturi ilikuwa mpya ichongwe uwanjani, mbele ya koo zote, ikilinganishwa na ya zamani. Lakini mwaka mmoja, mavuno yalipofika, Mzee Mashambo, mkubwa wa wazee wa maji, alitokea na pishi mpya mkononi. Ya zamani imepasuka, akasema, na imekwisha kuchomwa moto. Watu walinung'unika, kisha wakapima. Kunung'unika ni kazi nyepesi, haimtoi mtu jasho.

Nakiete alichukua kwanza kibaba chake cha jikoni, akaijaza ile pishi. Iliingia vibaba sita. Alikijua kila kibaba kilichokuwa darini kwake: kwa pishi kumi za namna ile, ziada peke yake ingemaliza mbegu zake zote za msimu ujao.

"Pishi kumi za kiapo nitatoa," alisema. "Hizi zenu sizijui."

Kesho yake zamu yake ya maji ikafutwa. Siku ya nne maharage yake yakaanza kulala chini. Majirani walimshauri alipe tu yaishe, mkono usioweza kuukata ubusu. Nakiete alijibu kwamba bado hajajaribu kuukata. Akapanda kilima cha pili kumwita Mzee Kisaka aje asikilize shauri, kwa sababu Kisaka hakunywa maji ya mfereji ule wala hakula mahindi yake.

Uwanja ulijaa siku hiyo. Mashambo alisimama kabla hajapewa nafasi.

"Mashauri ya maji tunaamua sisi," alisema.

"Hili si la maji, baba," Nakiete alimjibu. "Hili ni la malipo yenu. Mtajiamulia vipi?"

Kisaka akaketi, maana yake atasikiliza. Mashambo akabadili njia, naye alikuwa fundi wa kusema.

"Haya. Kiapo kinasema pishi kumi, nasi tunapokea pishi kumi. Hakisemi pishi iwe na ukubwa gani. Tumekivunja wapi?"

Nakiete aliyakumbuka maharage yake, akakaza sauti.

"Kwa hiyo hii ni pishi ileile ya kiapo?"

"Ileile. Pishi ni pishi."

"Vema. Kesho tunazibua mfereji, na kiapo hichohicho kinasema kila mzibuaji apewe pishi moja kutoka ghala ya wazee wa maji. Naomba tupimiwe kwa hiyo."

"Kwa hii?" Mashambo aliruka. "Ghala itakwisha!"

Neno likishatoka halirudi. Kicheko kilianzia kwa wanawake kikazunguka uwanja mzima, na wazee wanne waliobaki wakawa kama hawamjui mwenzao. Kisaka alisubiri wacheke mpaka watosheke.

"Kama ni ileile, Mashambo, itakwishaje?" aliuliza. "Na nani aliichonga?"

"Sisi watano."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yetu wenyewe."

Hukumu haikuwa ndefu. Pishi ile ipasuliwe kwa shoka palepale, ziada irudishwe kwa kila kaya, na Nakiete afunguliwe maji kabla jua halijazama. Nazo koo saba, kwa vile zilikuwa zimekutana, zikamvua Mashambo kazi, zikamchagua Nakiete kuwa mmoja wa watano. Vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wakakimbia.

Katikati ya furaha hiyo mtu akaleta gogo na tezo, akamkabidhi Nakiete. "Chonga mpya wewe. Tunakuamini."

Nakiete aliipokea tezo. Sifa zilimkolea, siwezi kuwadanganya, nani asingefurahi? Aliligeuza gogo akitafuta pa kuanzia. Kisha akasita, akaiweka tezo chini.

"Asubuhi ningechonga," alisema. "Sasa mmeniingiza kwenye watano. Mahindi yenu yatakuwa chakula changu."

"Lakini wewe huwezi kutuibia!" walipiga kelele.

"Mashambo naye mlimwamini. Achonge anayetoa mahindi, mbele yetu sote, na kibaba kiwe pembeni. Mimi msinipe tezo, hata nikiililia." Akarudi nyuma, akakaa pamoja na wale wazee wanne. "Mlipwa kwa pishi hachongi pishi."